Safu Mbili za Gazeti la Chanika

Wiki niliyokabidhi funguo za chumba cha kompyuta, mwalimu kijana aliyezipokea aliniuliza kama ni kweli kwamba zamani tulifundisha watoto kupanga gazeti kwa mkasi na uji wa muhogo. Nilimwambia ni kweli. Akacheka, kisha akaona mimi sicheki, akaniomba nimwandikie ilivyokuwa. Nimeandika, na ninyi wengine mliobaki kazini mnaweza kusoma. Habari za vyeo nimeziacha kwa sababu hazina utamu, na za mishahara kwa sababu mnazijua.

Nilianza kazi Mashewa, shule ya msingi, nikiwa na miaka ishirini na mmoja na sanduku moja la bati. Baba yangu alikuwa mkata mkonge na babu yangu vilevile, aliyeletwa shambani kutoka Songea. Mimi nilikuwa wa kwanza kwetu kupata kazi isiyochafua mikono. Ndivyo nilivyodhani mpaka nilipokutana na wino wa kudurufu.

Mashine ya kudurufu ilikuwa chini ya Mzee Mhina, mwalimu wa kazi za mikono, mtu mrefu aliyevaa koti la kaki hata wakati wa joto. Mwalimu mkuu alinipeleka kwake siku yangu ya pili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nionyeshe kucha."

Nikamwonyesha.

"Nzuri, ni fupi. Ukucha mrefu unachana stensili, na stensili tunazo tisa mpaka muhula ujao."

Kwa msioijua, stensili ilikuwa karatasi laini yenye nta. Unaipachika kwenye taipureta bila utepe, herufi zinatoboa nta, kisha unaivisha kwenye pipa la mashine na wino unapenya palipotobolewa. Ukikosea unapaka dawa ya rangi ya waridi inayonuka kama rangi ya kucha, unasubiri ikauke, unagonga tena. Nilisubiri sana mwaka ule. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa mtihani wa jiografia, na niliujaza ukurasa kutoka ukingo hadi ukingo, nikiona fahari kwamba nimeokoa karatasi. Mzee Mhina aliushika, akaweka kidole gumba juu ya swali la nne.

"Mtoto atashika wapi?"

"Popote, mzee."

"Popote pana maneno. Mikono yake ina jasho, ni mtihani huu. Akishika, amefuta swali. Mwachie pa kushika."

Alinifundisha pia kukagua makosa kwa kusoma ukurasa kutoka neno la mwisho kurudi la kwanza, ili akili isiruke mbele ya macho. Nimefundisha watoto wengi njia hiyo. Wote huiona ni adhabu kwa siku mbili, kisha wanaanza kukamata makosa kwenye kitabu cha mwalimu.

Miaka ikaenda, maduka ya Korogwe yakajaa vitu. Sabuni tuliyokuwa tukiipangia foleni ikawa ya kuchagua rangi. Magazeti nayo yakawa mengi, yametandazwa chini pale stendi, yamebanwa kwa mawe yasipeperuke. Watu walisimama kusoma vichwa vya habari bila kununua. Muuzaji aliwavumilia kwenye ukurasa wa kwanza. Ukijaribu kufungua wa pili, anakohoa. Nilikuwa nimesoma stashahada na kuhamia sekondari moja hapo Korogwe kufundisha Kiswahili, na kila nikipita stendi niliwakuta wanafunzi wangu, wale wale waliosinzia kwenye ufahamu, wamekunja shingo wanasoma. Nikaanza kuwaza kwamba kasoro huenda haikuwa kwenye kusoma. Huenda ilikuwa kwenye sura ya karatasi tulizowapa.

Kompyuta ya kwanza niliyoiona kwa karibu ilikaa ofisini kwa mkuu wa shule ile, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mwaka mzima nilimwona akiifuta vumbi, sikumwona akiiwasha. Aliyeniwashia ya kwake ni Halima, niliyemfundisha Mashewa akiwa darasa la sita, ambaye sasa alikuwa na stationari karibu na stendi. Alitengeneza kadi za harusi na ratiba za mazishi kwa programu ya kupanga kurasa.

"Kaa hapa, mwalimu," alisema, akaniwekea mausi mkononi. "Leo wewe ndiye mwanafunzi. Ukichora kisanduku, maneno yanaingia ndani. Ukikivuta, maneno yanajipanga yenyewe."

Nilikivuta. Maneno ya kadi ya harusi ya watu nisiowajua yalijikunja, yakahama mstari, yakatulia. Sikumbuki vizuri nilisema nini. Halima anasema niliuliza, "Na dawa ya waridi?" Alicheka mpaka wateja wakageuka. Nilikwenda kwake kila Jumamosi kwa miezi sita.

Kisha nikahamishiwa Handeni, shule ya sekondari pale Chanika, na baada ya mwaka zikaja kompyuta nne. Mzazi mmoja aliyefanya kazi Dar es Salaam alizipata ofisini kwao walipobadilisha, akazituma juu ya Fuso, zimeviringishwa kwenye magodoro. Tatu ziliwaka. Ya nne ilitoa moshi kidogo, ikastaafu kabla yangu. Pamoja nazo ilikuja printa ya zamani, ile inayogonga karatasi kwa pini, yenye kelele kama mashine ya kusaga.

Mkuu wa shule alitaka zitumike kuchapa barua. Nilimwomba Kidato cha Tatu wazitumie kutengeneza gazeti la shule, kwenye vipindi vyangu vya Kiswahili.

"Wanafunzi arobaini na wawili, kompyuta tatu," alisema. "Madam, hesabu inakukataa."

Hapo ndipo ulipoingia uji wa muhogo. Niliwagawa makundi saba. Kila kundi lilipewa karatasi ya manila, mkasi, na habari zilizoandikwa kwa mkono kwenye vipande. Walipanga ukurasa sakafuni: kichwa cha habari kikae wapi, picha wapi, safu ziwe mbili au tatu, nafasi tupu ibaki wapi. Wakikubaliana, wanagandisha kwa uji. Kundi ambalo ukurasa wake unasomeka ukiwa umesimama mlangoni ndilo linalokwenda kwenye kompyuta. Kwa njia hiyo walifika mbele ya kioo wakijua wanataka nini, na dakika kumi na tano ziliwatosha. Mkitaka kulichukua hilo na kuacha mengine yote, chukueni.

Makosa yalikuwa mengi na matamu. Ukurasa wa kwanza kabisa ulikuwa na fonti kumi na moja; ulifanana na kamba ya nguo za familia kubwa. Halafu tukagundua programu ya kuandikia haijui Kiswahili. Ilipiga mstari mwekundu chini ya kila neno, toka salamu hadi jina la mwandishi. Mtoto mmoja, kwa nia njema, aliikubalia marekebisho yote kwa mkupuo. Handeni ikawa Harden, Misima ikawa Minima, na timu yetu ya mpira ikafungwa na shule ambayo haipo duniani.

"Madam," alisema Rajabu, "hii inasahihisha vibaya kuliko wewe."

Rajabu alikuwa mhariri, aliyechaguliwa kwa kura. Alitoka Misima, kwenye familia ya wakulima wa mahindi, akiongea haraka na kuandika haraka zaidi. Mpangaji wetu wa kurasa alikuwa Naserian, binti wa Kimasai aliyeishi kwa shangazi yake hapo Chanika. Boma la baba yake lilikuwa mbele ya Misima, kwenye mbuga. Darasani Naserian aliongea kidogo. Lakini akishika mausi ungeona safu zinanyooka bila yeye kutumia rula, na akisema "hapa pamebana," pamebana kweli.

Toleo la kwanza lilipangwa kutoka siku ya wazazi. Jumatatu ya wiki iliyotangulia Rajabu alileta habari ya ukurasa wa mbele. Kichwa chake kilisema: WAFUGAJI WAHARIBU LAMBO LA MISIMA. Chini aliandika kwamba ng'ombe wanaingizwa ndani ya maji wanayokunywa watu, wanayachafua, na wakulima wamechoka. Iliandikwa vizuri. Nikaipitisha, ndiyo, mimi mwenyewe, nikaenda kufundisha kidato kingine.

Jumanne nilikuta kurasa tatu zimepangwa na wa mbele mweupe. Naserian alikuwa amekaa mikono mapajani.

"Umekwama wapi?" nilimuuliza.

"Sijakwama, madam. Hii siipangi."

"Ni habari ya kweli," Rajabu akasema kutoka nyuma. "Nimeona kwa macho."

"Umeona ng'ombe majini," Naserian alisema bila kugeuka. "Hukuuliza kwa nini wako majini."

"Kwa sababu wamepelekwa."

"Na nani? Sema jina. Baba yangu ni mmoja wao. Sema jina lake, nilipange kwa herufi kubwa."

Makundi yale saba, niliyoyachanganya kwa makusudi, yalianza kujitenga mbele ya macho yangu: wa Misima upande huu, watoto wa wafugaji, ambao walikuwa watano tu, upande wa dirisha. Nilishtuka. Yale maneno ya ugomvi wa wakulima na wafugaji yaliyokuwa yakisemwa kwenye vilabu na mikutano ya kijiji yalikuwa yameingia kwenye chumba changu, na mlango nilikuwa nimeyafungulia mwenyewe kwa kalamu nyekundu.

Mkuu wa shule, alipopata habari, alisema niweke mpira wa miguu ukurasa wa mbele. Ulikuwa ushauri wa busara. Nilimwomba siku nne.

Jumamosi nikapanda nao pikapu ya mzazi mmoja mpaka Misima, Rajabu upande wangu wa kulia, Naserian wa kushoto, daftari moja kati yao. Sharti lilikuwa hilo: daftari moja. Mmoja anauliza, mwingine anaandika, wanabadilishana.

Tulianza kwa bibi yake Rajabu, Bibi Mwanjaa, aliyekuwa akipukuchua mahindi uani. Naserian alimwamkia vizuri, akakaa chini, akauliza. Bibi aliongea kwa kirefu. Alisema maji yananuka, anatembea mbali zaidi kuchota, magoti yanamuuma. Kisha akasema neno lililomfanya Rajabu ainue kichwa.

"Zamani ng'ombe hawakuwa wakiingia ndani. Walinywea kwenye birika, kule chini ya ukuta wa lambo."

"Birika gani, bibi?"

"La saruji. Siku hizi kavu. Mimi nilidhani wenyewe wameliacha."

Tukaenda lamboni. Mzee Lemburis, baba yake Naserian, alikuwa pale na mifugo yake, ameegemea fimbo. Nilimsalimu, nikamweleza shida yetu. Safari hii Rajabu ndiye aliyeuliza.

"Shikamoo, mzee. Kwa nini ng'ombe wanaingia majini?"

"Marahaba. Wewe ungekuwa na kiu, maji yako pale, birika kavu, ungeingia wapi?"

"Kwa nini ni kavu?"

Mzee alituongoza mpaka chini ya ukuta. Palikuwa na birika refu la saruji limejaa majani makavu, na bomba nene la chuma likitokea ukutani. Alilipiga kwa fimbo, likatoa sauti nzito.

"Limeziba. Tulidhani wakulima wamelifunga ili tuondoke."

Rajabu alimtazama Naserian. Naserian alikuwa akiandika, kichwa chini, lakini nilimwona akitabasamu kwenye daftari.

Jumatatu walipanga ukurasa wa mbele upya. Kichwa kilisema: BOMBA LA LAMBO LIMEZIBA. Chini yake kulikuwa na ramani ya lambo, birika na bomba, aliyoichora Rajabu vibaya na Naserian akainyoosha. Chini ya ramani safu mbili zenye upana sawa na fonti moja, ya kushoto maneno ya Bibi Mwanjaa, ya kulia ya Mzee Lemburis. Ugomvi uliobaki ulikuwa wa mistari. Bibi alisema mengi, mzee alisema machache.

"Punguza ya bibi mistari tisa," Naserian alisema.

"Ongeza ya mzee."

"Hakusema zaidi. Nitunge?"

Rajabu alikaa na maneno ya bibi yake kipindi kizima. Alitoa magoti, akayarudisha, akatoa habari ya jirani aliyeazima ndoo. "Akisikia nimemkata atanichapa," alisema, lakini alikata. Safu zikafika chini pamoja.

Kuchapa nakala mia mbili kwa printa yetu kungemaliza mwezi. Nikakumbuka pini. Nikatoa utepe kwenye printa, nikapachika stensili, pini zikatoboa nta kama taipureta ilivyotoboa miaka ile, kisha tukazungusha nakala kwenye mashine ya kudurufu ya shule mpaka mikono yetu ikawa myeusi hadi viwikoni. Watoto waliniona mchawi. Sikuwaambia kwamba nusu ya ujuzi ule nilikuwa nao kabla hawajazaliwa.

Siku ya wazazi nilisimama karibu na meza ya magazeti. Watu wa Misima walikaa pamoja, wafugaji wakasimama kando, kama kawaida yao wakati ule. Mzee Lemburis hakujua kusoma. Alichukua nakala, akamwita binti yake amwonyeshe maneno yake yako wapi. Naserian akaweka kidole.

"Na haya ya upande huu?"

"Ya bibi yake Rajabu."

Mzee alitandaza gazeti mezani. Akalaza fimbo yake juu ya safu ya kulia, akabana kwa kidole pale safu ilipoishia, akaihamishia fimbo kwenye safu ya kushoto. Watu waliokuwa karibu walianza kusogea. Bibi Mwanjaa naye alikuja, akapasua katikati yao.

"Unapima nini?" alimuuliza.

"Napima kama wamekupa mengi kuliko mimi."

"Wamenipa?"

"Sawasawa."

Bibi aliitazama fimbo, akamtazama mjukuu wake. "Mimi nilisema mengi kuliko huyu," alisema. "Mengine yako wapi?"

Kicheko kilichotoka pale kilisikika mpaka jikoni kwa wapishi. Rajabu alijificha nyuma ya mkuu wa shule, ambaye naye alikuwa akicheka, gazeti mkononi, akiwaeleza wageni kwamba yeye tangu mwanzo aliunga mkono kompyuta kwenye vipindi vya Kiswahili.

Wiki iliyofuata wakulima na wafugaji walikutana lamboni wakiwa na majembe, mitarimbo na nakala yetu, wakiifuata ile ramani. Waliozibua waliniambia kwamba ndani ya bomba walitoa tope, mizizi, kandambili tatu za mguu wa kushoto na kobe mmoja, ambaye aliondoka zake akiwa mzima.

Toleo la pili lilipokaribia, Mzee Lemburis alikuja mwenyewe hadi mlangoni kwetu, katikati ya kipindi. Mtamba wake mwekundu mwenye baka jeupe begani alikuwa amepotea. Aliuliza kama karatasi yetu inaweza kutafuta ng'ombe. Tulimkalisha mbele ya kompyuta, Naserian akachora alama ya sikio kwa mausi, baba yake akamsahihisha mara nne. Likawa tangazo letu la kwanza. Ilipofika sehemu ya mahali pa kupeleka taarifa tukakwama, maana mzee hakuwa na anwani. Rajabu akaandika: Kidato cha Tatu, Sekondari, Chanika.

Siku kumi baadaye nilikuwa nikifundisha uakifishaji wakati darasa zima lilipogeukia dirisha. Mkulima mmoja wa Misima, mtu mfupi mwenye kofia ya mkeka, alikuwa amesimama nje ameshika kamba, na kichwa cha mtamba mwekundu kilikuwa kimeingia dirishani, kinanusa kompyuta iliyotoa moshi.

"Hodi, mwalimu," alisema. "Nimemkuta kwenye mahindi yangu. Nimesomewa gazeti, naona limesema aletwe hapa."

Mkuu wa shule alitoka ofisini, akatazama, akarudi ndani, akafunga mlango. Tulimfunga mtamba kwenye nguzo ya netiboli. Rajabu akachukua baiskeli yangu kwenda kumwita mzee, na mkulima yule akakaa nasi darasani, kwenye dawati la mbele, akimsubiri mwenye mali.

Mzee Lemburis alifika na Rajabu jua limeshaanza kupungua ukali. Alimkagua mtamba sikio, bega na kwato. Akamshika mkulima mkono, wakaongea pembeni muda mrefu kwa sauti ya chini, wakicheka mara mbili. Kisha akaingia darasani. Naserian alisimama, akainamisha kichwa, na baba yake akamgusa utosini kwa kiganja, kama wanavyosalimiwa watoto kwao. Kisha mzee hakuondoka. Alimgeukia Rajabu, akasubiri.

"Inama," Naserian alimnong'oneza.

Rajabu akainama, akaguswa. Aliyemfuata akainama. Mzee alipita dawati kwa dawati, Wazigua, Wasambaa, watoto wa manamba wa mashamba ya mkonge kama mimi, akigusa kila kichwa, hata vya wale ambao walikuwa hawajawahi kufika kwenye kompyuta. Kengele ya kwenda nyumbani ililia akiwa amefika safu ya pili. Arobaini na wawili wote walibaki mahali pao, vichwa vimeinama, wakingoja zamu.